Nafasi wamempa mwingine, sasa wanataka nimfundishe kutembea na magongo

BARUA

Dada mpendwa, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Mbagala, Dar es Salaam, na kazi yangu ni uigizaji. Natembea kwa magongo mawili. Nilikuwa na miaka mitatu nilipougua malaria, nikachomwa sindano ya tako, na tangu siku hiyo mguu wangu wa kulia haukurudi kuwa mguu. Sina kumbukumbu yoyote ya kutembea bila magongo, kwa hiyo watu wakinipa pole huwa sijui niipokee vipi.

Kuigiza nilianzia kwenye kikundi cha kanisani. Mlezi wetu alikuwa kijana mmoja ambaye leo ni mwongozaji mwenye jina, hapa nitamwita Kaka. Krismasi ya mwaka nilipokuwa na miaka 14 alinipa nafasi ya malaika Gabrieli. Nilimtokea Mariamu nikiwa na magongo yangu, yamezungushiwa kitambaa cheupe, na hakuna aliyecheka. Usiku ule ndio nilijua nataka kufanya nini na maisha yangu.

Tangu hapo nimefanya matangazo ya redio, filamu fupi kadhaa na tamthilia mbili. Kote huko, Dada, nimekuwa ombaomba mara mbili, binti aliyelogwa mara moja, na mke anayefichwa ndani wageni wakija. Ndiyo maana kwa miaka minne sasa nazungumza. Naenda mashuleni, naitwa redioni, nasimama kwenye mikutano ya chama chetu cha watu wenye ulemavu. Nasema sisi tunaweza kuigiza mwalimu, wakili, mama mkwe mkorofi, hata mchepuko. Nasema mguu wangu usiwe ndiyo hadithi nzima.

Mwaka huu ikaja tamthilia ya vipindi 26. Mhusika mkuu anaitwa Zuhura, muuza vitenge Kariakoo, anatembea kwa magongo, ana maneno makali na ana wanaume wawili wanaomgombea. Niliposoma kurasa walizonitumia nililia. Nilikwenda kwenye usaili. Ulifanyika ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Niliwahi nusu saa ili nikifika juu nipate muda wa kukauka jasho. Nilicheza vipande vitatu, na kile cha Zuhura akimfuata mdeni wake dukani walinirudisha nikirudie, nadhani kwa raha tu ya kukitazama tena.

Wiki mbili baadaye Kaka akanipigia. Nafasi amepewa mwigizaji mwingine, maarufu, mwenye wafuasi wengi mtandaoni. Hana ulemavu. Wadhamini wanataka sura inayouza. Kabla sijajibu akaendelea: "Lakini tunakuhitaji, mdogo wangu. Umfundishe kutembea." Wiki tatu, shilingi 1,200,000. Juu yake nipewe nafasi ndogo, siku nne za kushuti kwa 80,000 kila siku. Nikauliza nafasi gani. Ni mama ombaomba wa kituo cha mabasi. Na watataka picha za pamoja za mimi na yule nyota, za kutangazia tamthilia.

Jumamosi iliyopita nilienda kuonana naye. Walikuwa wamemnunulia magongo mapya, marefu kupita kimo chake. Akayakita kwapani, akayaegemea kwa uzito wote, akapiga hatua tano, na chumba kizima kikampigia makofi. Mimi nilikaa kimya. Nilikuwa natazama mabega yake yalivyopanda hadi masikioni. Kisha akaja kukaa karibu yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, ukishuka kwenye daladala unatanguliza nini, gongo au mguu?" Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilitaka kumchukia nikashindwa.

Baadaye nikaonyeshwa mwisho wa hadithi. Zuhura anapelekwa India kufanyiwa operesheni, anarudi, na siku ya harusi yake anayatupa magongo mlangoni na kuingia ukumbini kwa miguu yake huku watu wanalia.

Mama yangu anasema, "Mwanangu, heshima huwezi kuila na ugali." Nadaiwa kodi ya miezi sita, 900,000. Hata mipira ya chini ya magongo yangu imeisha, kwenye vigae nateleza. Mwenzangu wa chamani yeye ameniambia nikikubali nimewauza, kwa sababu kesho tukienda kudai nafasi tutaambiwa mbona mwenzenu ndiye aliyefundisha. Kuna na mtangazaji aliyesikia habari hizi, ananipigia kila siku anataka nifunguke. Nikifunguka, Kaka ataumia, na yeye ndiye aliyeniona nilipokuwa si kitu. Na nitaitwa msumbufu, milango ifungwe.

Usiku nalala nikijiambia labda ni wivu tu. Asubuhi naamka na hasira. Natakiwa kusaini Jumatatu ya wiki ijayo. Dada, labda ni wivu tu kweli?

Mwenye Magongo, Mbagala


JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kwa sauti ili niisikie kama unavyoisema. Kabla ya lolote nikwambie jambo moja: mimi natembea kwa miguu miwili. Mdogo wangu wa kuzaliwa ni kiziwi, nimekua naye, nimeona anavyokaa mbele ya televisheni. Taarifa ya habari ikiwa na mkalimani wa lugha ya alama pembeni ya kioo, anasogeza kiti. Ikianza tamthilia mkalimani hayupo, anainuka na kwenda uani. Hayo nimeyaona, sikuyaishi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo haya nitakayosema uyapime kwa mkono wako.

Umeandika mara mbili kwamba labda ni wivu. Acha tuanzie hapo. Mtu akinyimwa kazi analia, anapangusa uso, anatafuta nyingine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wewe umeshavunjikiwa na makoleo mengi kabla ya hili. Lakini safari hii umenyimwa kazi, halafu ukaombwa umkabidhi aliyepewa kile ambacho mwili wako umejifunza kwa miaka 28, na aliyekuomba ni mtu aliyekuvika kitambaa cha malaika ukiwa na miaka 14. Ningeshangaa kama usingeumia. Wivu unaweza kuwemo, sisi ni binadamu, na ukiwemo hauifanyi hasira yako kuwa ya uongo. Na mtu aliyejaa wivu, sidhani angelikumbuka kwa upole vile lile swali la daladala.

Sasa nikuulize kitu. Katika barua yako yote nimetafuta mahali ulipomwambia Kaka kwamba umeumia, sikupaona. Umemwambia mama, umemwambia mwenzako wa chamani, karibu umwambie mtangazaji. Kaka amepata nini kutoka kwako? Ukimya kwenye simu, na ukimya siku ya Jumamosi. Huenda yeye anaamini kabisa amekufanyia wema: amekosa kukupa chakula kikubwa, amekutafutia kidogo. Huenda pia anajua vizuri alichofanya na anaomba usimguse hapo. Mimi sijui, na naona hata wewe bado hujui. Kumwambia mtu uliyempenda, "Kaka, hili limeniuma, na nitakwambia kwa nini," si kumkosea fadhila. Fadhila aliyokutendea ilikuwa kukuona. Sasa akuone na hapa.

Kuna na hili neno la wadhamini, sura inayouza. Limetamkwa kwako kama vile hali ya hewa, kitu ambacho hakina mwenyewe. Lakini lina mwenyewe. Kuna mtu fulani ofisini aliyelisema, na kuna mwingine aliyekubali bila kubisha. Ilipokuwa inaandaliwa filamu ya CODA kule Marekani, inayohusu familia ya viziwi, wenye fedha walitaka nafasi ya baba apewe mwigizaji mwenye jina, anayesikia. Mama alikuwa ameshachaguliwa: Marlee Matlin, kiziwi, aliyeshinda Oscar ya mwigizaji bora wa kike mwaka 1987 akiwa na miaka 21. Matlin akawaambia wakifanya hivyo yeye anajitoa. Nafasi ikaenda kwa Troy Kotsur, kiziwi, ambaye jina lake halikuwa likijulikana na wengi. Machi 2022 Kotsur akatwaa Oscar ya mwigizaji msaidizi bora, na CODA ikatangazwa filamu bora ya mwaka.

Sikusimulii hayo ili uige. Matlin aliposema anajitoa alikuwa na Oscar nyumbani kwake, wewe una kodi ya miezi sita. Nakusimulia ili uangalie aliyesema alikuwa nani. Alikuwa ni yule ambaye wasingeweza kutengeneza filamu bila yeye. Katika tamthilia yenu huyo ni nani? Si wewe, na pengine si Kaka. Ni yule dada wa Jumamosi. Yeye ndiye sura yenyewe inayouza. Akisema mwisho huu sitauigiza, watamsikiliza kabla hajamaliza sentensi. Na yeye, kati ya wote waliokuwa chumbani, ndiye aliyekaa karibu yako na kuuliza gongo au mguu.

Hilo linabadilisha kidogo ile kazi ya wiki tatu. Linaiongezea thamani, na linaiongezea hatari pia.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Wanataka ufundishe nini? Kama ni kutembea tu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali yoyote kubwa angeweza: kwamba magongo yapunguzwe urefu, vidole viwili au vitatu vipite kati ya gongo na kwapa, kwamba uzito ukae viganjani, maana ukiegemeza kwapani unabana mishipa ya fahamu na mkono unakufa ganzi, kwamba ngazi unapanda kwa kutanguliza mguu wenye nguvu na unashuka kwa kutanguliza magongo. Hilo ni somo la siku mbili au tatu. Wewe umeitwa kwa wiki tatu, kwa hiyo wanataka kitu kingine ama wanataka vitu viwili. Kimoja ni yale yasiyoandikwa popote: unaushikaje mkoba, unafanyaje mvua ikinyesha na mikono yote miwili ina kazi, uso unaufanyaje konda akisema "subirini huyo mlemavu ashuke", unachekaje baada ya hapo. Hapo ndipo alipo Zuhura. Kitu cha pili wanachoweza kuwa wanakitaka ni jina lako na picha yako, ili watu wa chama chenu wakilalamika waoneshwe: si huyu hapa, tulikuwa naye.

Utajuaje ni kipi? Nadhani njia mojawapo ni kuomba vitu na kutazama wanajibuje. Anayetaka ukweli wako atakubali uiguse skripti. Anayetaka kivuli chako atakupa picha tu. Unaweza kuomba usome vipindi vyote 26 na ukae na mwandishi, siku moja au mbili, hasa juu ya ule mwisho. Unaweza kuomba jina lako liandikwe kwenye tamthilia kwa kazi uliyofanya, na iandikwe ni kazi gani. Kuhusu picha za matangazo, unaweza kusema hazipigwi hadi hayo mengine yatimie, na kwamba una haki ya kuliondoa jina lako. Unaweza kuuliza kuhusu majirani wa Zuhura, wateja wake, yule mdeni: kwani Kariakoo nzima mwenye ulemavu ni mmoja tu? Una wenzako wangapi waliokaa na vipaji vyao? Na usaili unaofuata usifanyike ghorofa ya tatu. Usilione hilo kama dogo. Juni 2019 Ali Stroker alishinda tuzo ya Tony, ile ya maigizo ya jukwaani, kule New York, mwigizaji wa kwanza anayetumia kiti mwendo kuishinda, na ukumbi ule mkubwa haukuwa na njia ya kumtoa kwenye viti vya watazamaji hadi jukwaani. Ilibidi awe ameshawekwa nyuma ya jukwaa. Tuzo walimtengenezea, njia ya kuifikia hapana. Wewe ulitoa jasho lako kwenye ngazi kabla hujacheza hata kipande kimoja, na wenzako wenye viti mwendo hata ngazi hiyo ya kwanza wasingeipita. Kwa hiyo ni nani hasa walifanyiwa usaili siku ile?

Lolote utakaloomba, liwe kwenye karatasi. Hatari ya njia hii naijua na wewe unaijua: watakubali yote kwa simu, kwa maneno matamu, kisha wiki ya pili skripti ni ileile na picha zimeshasambaa. Na hatari nyingine ni ya moyoni. Kumtazama mtu mwingine akivaa mwendo wako kila siku kwa wiki tatu, halafu apigiwe makofi, kunaweza kukuchosha mahali ambapo milioni moja na laki mbili haifiki. Unajijua. Siku moja ya Jumamosi ilikufanya nini? Zidisha.

Ile nafasi ya ombaomba ningeitenganisha kabisa na kufundisha, maana wamekufungia vitu viwili kwenye furushi moja na furushi si lazima libebwe zima. Hapa nitakusogeza kidogo, unisamehe. Ombaomba wapo. Kuna akina mama wenye ulemavu wamekaa kwenye taa za barabarani hapa mjini muda huu ninapoandika, na wao pia ni watu wa kuigizwa kwa heshima. Kwa hiyo sidhani ubaya ni ombaomba mwenyewe. Uliza: ana jina? Ana mtoto anayesoma? Kuna kitu anakitaka zaidi ya sarafu? Akisema neno, neno lake linabadilisha chochote? Kama jibu ni hapana kote, basi wamekuomba uwe pambo la kituo cha mabasi, na ni haki yako kukataa hilo hata ukikubali lile jingine. Kama jibu linaweza kubadilika, siku nne ni siku nne, na mwigizaji mzuri akipewa dakika mbili hukumbukwa.

Kukataa yote pia ni njia, na wala si ya kiburi. Utalala na moyo wako mzima, na utakaposimama tena mashuleni sauti yako haitakuwa na ufa. Lakini lazima nikwambie na upande wa pili. Ukiondoka, Zuhura atashutiwa hivyohivyo. Atatembea na magongo kwapani, mabega masikioni, atakwenda India, atayatupa mlangoni. Na mtoto wa miaka tisa mwenye magongo, mahali fulani Tandahimba au Kahama, atakaa mbele ya televisheni na kuelewa kwamba ndoa inamngoja siku atakapopona. Huo mwisho ndio unaonisumbua mimi kuliko jina la atakayeigiza, na nadhani nawe unakusumbua hivyo, kwa namna ulivyouweka karibu na mwisho wa barua, kwa sentensi moja, bila kusema neno lako juu yake.

Mwenzako wa chamani ana hoja, usimpuuze. Wanaozoea kutwaa wanahitaji mfano mmoja tu wa aliyekubali. Hata hivyo ningependa umuulize jambo hili: mwigizaji asiye na ulemavu akikubali kazi ya hovyo, nani humwambia amewauza watu wote wenye miguu miwili? Hamwambii hata mmoja. Mzigo huu wa kila uamuzi wako kuwa wa taifa zima ni sehemu ya uonevu uleule mnaoupinga. Unaweza kuchagua kuubeba, wengi wameubeba na tunawashukuru. Ila ubebe kwa kuchagua, na chama kikusaidie kushika upande mmoja. Kikianza na kodi, kwa mfano, sitaona vibaya.

Na kuhusu kusema hadharani. Nakusikia unavyotetemeka hapo, na sitakwambia usitetemeke. Mtangazaji anakupigia kila siku kwa sababu habari yako ni nzuri kwake. Kichwa cha habari hutakiandika wewe. Siku mbili za kwanza itakuwa vita kati ya mashabiki wa yule dada na wa kwako, utaambiwa unatafuta kiki, na kuna watakaouandika mguu wako kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Siku ya tatu watahamia kwingine, na skripti itakuwa ileile. Hilo linaweza kutokea. Linaweza pia kutokea jingine: mdhamini akaogopa, mazungumzo yakaanza, na binti mwingine akapata moyo. Sina namna ya kukuahidi lipi.

Ninachoweza kukwambia ni kwamba kusema hadharani si lazima kuwe Jumatatu hii, wala si lazima uwe peke yako. Mnayo SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vyenu. Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Waigizaji wengi wanaitwa kwa siku au kwa mkataba mfupi, kwa hiyo usiitegemee sana kwenye jambo lako, lakini ni mlango wa kuanzia kuzungumza. Upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inasema wazi kwamba mtu mwenye ulemavu apate nafasi ya kukuza na kutumia kipaji chake cha sanaa, kwa faida yake na kwa kuitajirisha jamii. Bodi ya Filamu ipo, BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ipo. Barua ya shirikisho kuhusu namna usaili unavyofanyika na nani anaalikwa, yenye sahihi kumi, haina mtu mmoja wa kutukanwa. Inakwenda polepole, nakubali. Bandu bandu huisha gogo, ila kodi haisubiri gogo liishe, na hilo nalo ni kweli.

Kuna jambo jingine sikuliona kwenye barua yako, la kutengeneza chenu wenyewe. Pale Kinshasa kulikuwa na kundi la wanamuziki, wengi wao wamepooza miguu kwa polio, wakipanda baiskeli za matairi matatu walizojitengenezea. Waliitwa Staff Benda Bilili. Walifanya mazoezi kwenye bustani ya wanyama ya mji, na kijana mmoja kati yao, Roger Landu, alipiga ala ya uzi mmoja aliyoiunda kwa kopo. Mwaka 2009 wakatoa albamu, wakazunguka Ulaya. Hadithi yao nayo haikukosa machungu, mwaka 2013 wenyewe kwa wenyewe waligawanyika. Lakini hawakungoja mtu wa kuwaita. Wewe una sauti ya redio, una uso ambao watu waliurudisha urudie kipande, una simu yenye kamera. Kile kipande cha Zuhura na mdeni kinakutoka moyoni. Sisemi ukiige, skripti ni ya wenyewe. Nasema mwanamke wa Kariakoo mwenye magongo na maneno makali hawezi kuwa mali ya mtu mmoja.

Naona umengoja nikwambie saini au usisaini. Siwezi, na usikasirike. Mimi sitalipa kodi yako wala sitakaa kwenye kile chumba. Ila kabla ya Jumatatu jaribu kufanya mawili. Mpigie Kaka, si kumpa jibu, kumwambia tu limekuuma na kumuuliza nani hasa alisema sura inayouza. Na yule dada, kama una namba yake, mjibu swali lake. Mwambie unatanguliza nini ukishuka kwenye daladala, kisha mwambie unaonaje ule mwisho wa harusi, umwache aseme yeye. Utakachokisikia kwa hao wawili kitakusaidia kuliko haya yangu yote.

Na mipira ya magongo, mdogo wangu, usingoje malipo ya mtu yeyote. Inunue wiki hii, vuli inakaribia na vigae vikilowa havina huruma. Kama hela haipo kabisa, niandikie tena, hata mstari mmoja.

Dada yako